Mkurugenzi Aliyezaliwa Kwenye Lami

Si zamani za kale wala si kesho kutwa, ni hivi majuzi tu, katika nchi moja ambayo nimekatazwa kuitaja jina, na mimi ni mtu wa kutii. Nchi hiyo haifanani na nchi yenu hata kidogo. Mkiona inafanana, basi tatizo ni macho yenu, nendeni mkayaoshe.

Pembeni ya mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na mahali panaitwa Mihogoni. Palikuwa mashamba matupu: mihogo, mbaazi, kunde, migomba kule bondeni, na njia za miguu zilizopindapinda kufuata kivuli, kwa kuwa waliozitengeneza walikuwa watu wa kubeba mizigo kichwani, si watu wa rula. Ukipita shambani kwa mwenzio unasema "pole na kazi." Aliyeinama ananyanyuka, anajibu "nimeshapoa," kisha anakuuliza habari za watoto, za mguu unaouma, za yule mbuzi aliyepotea. Jua likisogea, linasogea.

Ndipo Mlezi wa Taifa aliposafiri kwenda ng'ambo kutibiwa jino. Jino likapona, moyo ukaugua, maana huko aliona miji. Siku ya kurudi, ndege ikizunguka kutafuta pa kutua, alichungulia dirishani akaona majani ya mihogo yanampungia.

"Wageni wakitazama chini wataona nini?" aliwauliza wasaidizi wake. "Wataona tunalima, kama watu wenye njaa!"

Wasaidizi wakainamisha vichwa. Asubuhi yake redio ikatangaza kwamba taifa zima linaona aibu. Mwananchi yeyote asiyeona aibu alitakiwa afike kituo cha polisi kilicho karibu naye, akajieleze.

Ikaundwa Wizara ya Sura ya Nchi, akapewa Mheshimiwa Domokaya, mtu aliyeweza kuhutubia hata kwenye lifti. Naye akatangaza kwamba Mihogoni itakuwa mji kabla ya Sikukuu ya Taifa, na kazi hiyo haiwezi kuachiwa mtu wa shamba. Mkurugenzi wa mji lazima awe mzaliwa wa lami. Aliyeteuliwa alikuwa kijana mtanashati aitwaye Mhina, aliyesimama mbele ya bendera, akanyanyua mkono, akaapa kwa sauti iliyonyooka: "Nimezaliwa kwenye lami, nimekulia kwenye lami, na jembe nimeliona kwenye nembo ya taifa tu." Watu wakapiga makofi.

Sasa mimi sisemi kwamba Mhina alisema uongo. Uongo ni neno zito kwa kiongozi. Nasema tu kwamba alizaliwa Mihogoni, chini ya migomba, mvua ikinyesha, na kitovu chake kikazikwa palepale. Mama yake, Bi Semeni, alimsomesha kwa mihogo ya shamba lile, na Mihogoni yote ilimwita mama huyo Mama Mhina, kama ilivyo desturi ya kumwita mzazi kwa jina la mwanawe. Kila aliyekuwa akimsalimu alilitaja jina la mkurugenzi bila kujijua. Mhina akilisikia likiitwa njiani, jasho linamtoka mgongoni.

Majirani walijua yote. Hawakusema kitu. Mtoto wa mwenzio ni wako, na huwezi kumwaga ugali wa mtoto wako.

*

Mji ukaletwa, tena kwa utaalamu.

"Mji hauanzi na barabara," alieleza Mheshimiwa Domokaya. "Barabara hata wachawi wanazo. Mji unaanza na taa za kuongozea magari!"

Ikasimikwa taa ya kwanza katikati ya kunde za Mzee Pazi, jirani wa Bi Semeni. Umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo askari mmoja mwenye kifua kipana akawekwa chini ya taa, awe anatangaza rangi kwa mdomo. "Nyekundu! Simama!" "Kijani! Tembea!" Waliotangulia kuelewa ni mbuzi. Waziri alipoletewa habari kwamba mbuzi wa Mihogoni wanasimama kwenye nyekundu, alifuta machozi, akasema ustaarabu sasa umepata mizizi.

Kisha ikaja lami. Njia zilizopinda zikanyooshwa kwa rula. Nyumba zilizokaa kwenye njia ya rula ziliombwa zisogee, na zilizoshindwa kusogea zilisaidiwa. Maghorofa yalichelewa kidogo, basi zikatangulia kujengwa sura zake: ukuta wa mbele wenye madirisha ya vioo, na jina la benki juu. Nyuma ya ukuta mama wa watu anasugua sufuria kwa majivu kama kawaida.

Magari nayo yalikuwa machache, na mji usio na foleni, ni mji huo? Ikaanzishwa Idara ya Msongamano. Kila asubuhi madereva wa idara hiyo walileta magari ya serikali, wakayabananisha pale kwenye taa, wakapiga honi mpaka saa ya chai. Walilipwa posho ya kuchelewa kazini.

Kazi ngumu ilikuwa watu. Mtu wa Mihogoni hata umvalishe suti, akitembea unaona shamba. Akaletwa Ofisa Mwendo awafundishe wakazi kutembea kimji.

"Kaza uso, Mzee. Tazama mbele. Nenda mbio!" alimwambia Mzee Pazi.

"Niende mbio wapi, bwana mkubwa?"

"Popote."

"Kuna moto?"

"Hakuna moto! Una shughuli."

"Shughuli yangu ilikuwa kunde," alisema Mzee Pazi, "na hapo juu yake umesimama wewe."

Mwisho likaja katazo la salamu. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba wakazi wa Mihogoni wanapoteza uchumi mwingi kwa kuulizana hali. Ikaamriwa kwamba mjini watu hawajuani, kwa hiyo hawasalimiani. Ilibakizwa salamu moja tu: mwananchi akikutana na kiongozi, amwamkie "shikamoo, mheshimiwa," hata kama kiongozi huyo ni mtoto wake wa kumzaa. Maneno hayo ya mwisho Mheshimiwa Domokaya aliyaongeza kwa mzaha, watu wakacheka. Mhina alicheka kuliko wote.

*

Shamba lililobaki likawa moja tu, la Bi Semeni. Lilikaa pale barabara zote zinapokutana, mahali rula ilipotaka mzunguko wenye chemchemi. Matingatinga yalikwenda hadi kwenye ukingo wa mbaazi yakarudi, maana kila dereva aliyefika alimkuta mama mmoja kainama anapalilia, naye husema bila kunyanyuka, "Pole na kazi, baba." Dereva alishindwa. Pole na kazi ni neno gumu kulipitishia tingatinga.

Jioni moja Mhina akaenda kwa mama yake. Alipitia uani, kwenye migomba, amevaa miwani myeusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona unaingilia uani kama mwizi wa kuku? Macho yanakuuma?"

"Ni jua, mama."

"Jua linazama hili!" Bi Semeni akacheka, akamtengea muhogo wa nazi. Mhina akaketi kwenye kigoda, akala kwa vidole, akaramba mchuzi, akasahau kidogo kwamba ni mkurugenzi. Kisha akakumbuka.

"Mama, shamba linatakiwa. Hapa itakaa chemchemi."

"Ya maji ya kunywa?"

"Ya mapambo. Maji yanaruka juu."

"Yakisharuka?"

"Yanarudi chini."

Bi Semeni alifikiri. "Kazi hiyo mvua inaifanya bure."

"Mama, nisaidie. Wakijua mimi ni wa hapa, nimekwisha. Niliapa."

Mama akamtazama mwanawe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Mhina. Angefokewa angalau angejua la kujibu.

"Mhina, mimi sikukatalii. Ardhi sikuja nayo na sitaondoka nayo. Ila siitoi kwa tangazo lililobandikwa kwenye mgomba, kama nimeiba. Wewe njoo kwa mlango wa mbele, mchana, watu wanaona. Niite mama. Sema, mama, naliomba shamba. Siku hiyohiyo naondoka. Sitaki fidia, sitaki kiwanja. Nataka hilo tu, baba."

"Nitakuja, mama," alisema Mhina.

Akaondoka kwa uani.

Na kweli alijaribu, tusimwonee. Alikuwa akitoka ofisini kwake na nia safi, anafika pembeni ya nyumba, mlango wa mbele anauona ule uko wazi. Halafu anamwona mtu. Basi anakaza uso, anatazama mbele, anapita mbio kama mwenye shughuli. Alifanya hivyo siku nyingi, mpaka Ofisa Mwendo akampendekeza apewe nishani ya mwendo bora wa kimji.

*

Siku ya kuzindua mji, Mheshimiwa Domokaya alifika na msafara mrefu. Ukakwama kwenye foleni ya Idara ya Msongamano, Waziri akashuka kwenye gari akashangilia. "Tumekwama!" alipaza sauti. "Ndugu wananchi, hatimaye na sisi tumekwama!" Bendi ikapiga.

Akapanda jukwaani, akahutubia. Alisema pale alipo hapajawahi kuwa shamba. Alisema wanahistoria wa wizara wamechimba wakakuta lami, na chini ya lami wakakuta lami nyingine ya kale. Wakazi walitazamana, kila mmoja na kucha zenye udongo. Ndipo Waziri alipogeuka aoneshe kwa mkono wake mzunguko wa chemchemi, akaona mbaazi. Katikati ya mbaazi, mtu ameinama na jembe.

"Mkurugenzi," alisema polepole, "kile ni nini?"

"Ni... ni sanamu, mheshimiwa."

"Sanamu inapalilia?"

"Ni ya kisasa."

Waziri aliikubali kwa dakika chache, akaisifu hata. Kisha sanamu ikanyanyuka, ikanyoosha kiuno, ikapenga kamasi. Askari wa taa mwenyewe alisahau rangi.

"Wewe bibi!" aliita Waziri. "Umetoka shamba gani? Una mtu wako hapa mjini?"

Bi Semeni alitazama jukwaani. Siku zote hizo alikuwa akingojea mlango wa mbele. Na huu, mbele ya watu wote, jua utosini, ulikuwa mlango wa mbele kuliko yote. Uso wake ukalegea, kama mtu aliyesikia hatua anazozijua.

"Muulize huyo mkurugenzi," alisema.

"Mkurugenzi, unamjua?"

Hapa mimi msimulizi ningependa kuwaambia habari nyingine. Ningependa niwasimulie zaidi habari za mbuzi. Lakini mmekuja kusikia, sikieni. Mhina alikuwa na neno moja tu la kusema, neno la kwanza mtoto analolijua kabla ya kujua maji. Alilifungulia mdomo. Aliwaona majirani walivyomkazia macho: Mzee Pazi, wanawake waliombeba yeye mgongoni utotoni, mama yake alipokuwa anaumwa, wote wanamsukuma kwa macho, sema, mwanetu, sema. Kisha akamwona Waziri, na nishani yake kwenye kisahani.

"Simjui, mheshimiwa," alisema Mhina. "Labda kapotea njia."

Waziri akacheka, na wa jukwaani wakacheka. Kule chini hakucheka mtu.

Bi Semeni alisimama vilevile kwa muda. Akaliweka jembe chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akajifuta mikono kwenye kanga, akatoka shambani, akaja mpaka mbele ya jukwaa. Askari walimpisha, sijui kwa nini. Akamtazama mwanawe, kisha akapiga goti kidogo, vile binti anavyowapigia wakubwa.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema.

Lahaula! Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kanga. Mzazi kumwamkia mwanawe! Nchi ile ina waziri wa hili na lile, ina sheria za kila namna, lakini jambo hilo hakuna aliyewahi kuliona. Mtoto akiletewa shikamoo na mama yake anapaswa aanguke miguuni pake, aseme hapana mama, shikamoo mimi, nisamehe mimi. Nafasi ya pili ilikuwa ile, tena amefunguliwa mlango na mama mwenyewe. Ila sheria ya mji ilikuwa wazi, mwananchi alikuwa ameamkia kiongozi sawasawa, na Mheshimiwa Domokaya alikuwa anamtazama mkurugenzi wake, anangoja jibu.

"Marahaba," alisema Mhina.

Bi Semeni akaitikia kwa kichwa, kama aliyeuliza swali akajibiwa. Hakurudi shambani. Alipita kati ya watu, na watu wakainamisha macho wasimwone. Mzee Pazi peke yake ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya kusikika hadi juu, "Mkataa kwao ni mtumwa." Akakamatwa kwa kusalimiana isivyo halali.

Kabla bendi haijamaliza wimbo, tingatinga lilikuwa limeshaingia kwenye mbaazi. Lilipita na juu ya jembe.

*

Mambo yakamnyookea Mhina. Chemchemi ikajengwa, nzuri sana, na itatoa maji siku maji yatakapopatikana. Barabara kubwa inayoanzia hapo ikapewa jina lake, kwa kumuenzi mzaliwa wa lami aliyeileta. Kibao chake kinang'aa: BARABARA YA MHINA.

Lakini adhabu ya mtu huyu ilikuwa kwenye masikio. Kila alikopita wananchi walimwamkia kwa mujibu wa sheria. Shikamoo, mheshimiwa. Shikamoo, mheshimiwa. Wengine wazee wa kumzaa, wengine waliomuosha utotoni. Na kila anayeitikiwa anatazama chini, kama amemkuta uchi. Neno marahaba likawa linamkwama kooni mithili ya mwiba wa samaki. Akaanza kutoka ofisini wengine wakiwa wamelala, akawa anatembea na dirisha la gari limefungwa. Chakula hakishuki. Mpishi wake alimtengea muhogo wa nazi siku moja, kwa kumbembeleza tu, hajui. Mhina aliondoka mezani akaenda kujifungia msalani.

Kingine alikigundua polepole. Mtaani jina la Mama Mhina lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyekubaliana na mwenziwe, hakuna kikao kilichokaa. Watu waliacha tu, kwa kumwonea mama huruma. Sasa wanamwita Bi Semeni, kama mwanamke ambaye hajajaliwa mtoto.

Siku alipolitambua hilo hakustahimili. Alivua miwani, akaacha gari, akatembea kwa miguu mchana kweupe kwenye barabara yenye jina lake. Hakwenda mbio. Watu walimpisha, wakasimama kutazama. Bi Semeni alikuwa amepanga chumba nyuma ya ukuta wa benki isiyokuwepo, karibu na ile taa. Mhina akauzunguka ukuta, akasimama mbele ya mlango. Ndani kulisikika mbuzi ya nazi ikikwaruza.

"Hodi."

Mbuzi ikanyamaza. "Nani?"

"Mimi, mama. Mhina."

"Mhina ni barabara, baba," sauti ikajibu, ya upole kabisa, sauti ya kumwelekeza mgeni. "Umeshaipita. Rudi ulikotoka, ukiona chemchemi isiyo na maji, inaanzia hapo."

Majirani walikuwa wamesogea, na Mzee Pazi kati yao, ametoka rumande. Mhina aliwaona, safari hii hakukaza uso. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akapiga magoti palepale vumbini, akapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Shikamoo, mama!"

Katika nchi ile, na nadhani hata kwenu, shikamoo haiachwi bila kujibiwa. Hata mwizi akikuamkia, unamwitikia kwanza ndipo unapiga yowe. Mhina alijua hilo, ndiyo maana alingoja. Majirani nao wakangoja.

"Marahaba uliichukua wewe," alisema Bi Semeni kutoka ndani. "Mimi sina nyingine."

Mbuzi ya nazi ikaanza tena kukwaruza. Mzee Pazi alikohoa, akatazama pembeni. Kule kwenye taa, ambayo umeme wake bado uko njiani, askari mwenye kifua kipana akajaza pumzi.

"Kijani!" alitangaza. "Tembea!"

Watu wote wakatembea. Mhina peke yake ndiye aliyebaki pale mlangoni.